Neno Lililotoka Singapore Likafika London Likiwa Jingine

 

Ndugu msomaji, Ijumaa hii nakuomba tukae pamoja juu ya sentensi moja tu. Ni sentensi ya mtu ambaye wengi katika wasomaji wa ukurasa huu hawampendi, nami simlaumu yeyote kwa hilo. Mtu huyo ni Paul Wolfowitz, aliyekuwa Naibu Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuanzia mwaka 2001 hadi 2005, na mmoja wa wale waliovisukuma vita vya Iraq kwa nguvu zao zote. Vyombo vya habari vya Ulaya vilimnukuu akisema neno zito. Neno hilo likaruka dunia nzima. Kisha ikabainika kwamba hakulisema kama lilivyoandikwa. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na bado neno hilo huletwa barazani na kwenye simu zetu kana kwamba ni ungamo lililotiwa saini.

Tukumbushane hali ilivyokuwa. Majeshi ya Marekani na Uingereza yaliingia Iraq tarehe 20 Machi 2003, na Baghdad ikaanguka tarehe 9 Aprili. Sababu kubwa iliyotolewa mbele ya walimwengu ilikuwa silaha za maangamizi. Mwezi Mei ukaisha, silaha hazijaonekana. Watu waliokuwa wameipinga vita hiyo, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, walikuwa na kiu ya kusikia sababu ya kweli kutoka katika kinywa cha mwenyewe. Mtu mwenye kiu, ndugu yangu, hachunguzi sana maji anayopewa.

Tarehe 4 Juni 2003 maji yakaja. Tovuti ya gazeti la The Guardian la London ilitoa habari yenye kichwa kilichosema kwamba, kwa mujibu wa Wolfowitz, vita vya Iraq vilikuwa vya mafuta. Ndani yake ilielezwa kwamba naibu waziri huyo aliulizwa kwa nini Korea Kaskazini, yenye mradi wa silaha za nyuklia, inatendewa tofauti na Iraq. Jibu aliloandikiwa lilikuwa hili: tuliangalie jambo hili kwa wepesi, tofauti iliyo kubwa kabisa baina ya Korea Kaskazini na Iraq ni kwamba kiuchumi hatukuwa na hiari katika Iraq, nchi ile inaogelea katika bahari ya mafuta. Gazeti halikudai kwamba mwandishi wake alikuwapo. Lilisema wazi kwamba limeyachukua maneno hayo kutoka katika magazeti mawili ya Ujerumani, Der Tagesspiegel na Die Welt, nayo yaliyahusisha na mkutano wa usalama wa Asia uliofanyika Singapore mwishoni mwa wiki iliyotangulia.

Hebu tuyatazame sasa yaliyosemwa huko Singapore. Tarehe 31 Mei 2003 Wolfowitz alihutubia mkutano huo na kujibu maswali, tena kwa Kiingereza, na wizara yake ikayaweka maandishi kamili katika tovuti yake. Maana ya maneno yake, nikiyafasiri bila ya kupunguza wala kuongeza, ni hii: tofauti ya msingi baina ya Korea Kaskazini na Iraq, kwa kuisema kwa wepesi kupita kiasi kidogo, ni kwamba kwa Iraq hatukuwa karibu na njia yoyote ya kiuchumi ya kuitumia, kwa sababu nchi ile inaelea juu ya bahari ya mafuta, ama Korea Kaskazini, hiyo iko ukingoni mwa kuporomoka kiuchumi, na hapo, kwa kuamini kwangu, ndipo penye nguvu ya kuibana, tena hali ya kijeshi kwa Korea Kaskazini ni tofauti sana na ile ya Iraq. Akamalizia kwamba matatizo ya nchi hizo mbili yanafanana kwa kiasi, lakini ufumbuzi sharti ukatwe kwa kipimo cha hali ya kila moja.

Je, umeiona tofauti? Kama hujaiona usijione mzito, kwani maneno yote karibu ni yale yale: uchumi, Iraq, bahari, mafuta. Nitakupigia mfano wa kijijini. Mtu ana majirani wawili wakorofi. Mmoja hula kwa kukopa dukani kwake. Wa pili ana shamba lake na ng'ombe wake, hana haja ya duka la mtu. Yule wa kwanza ukitaka kumtia adabu utafunga daftari la mikopo, naye baada ya siku tatu atakuja kuzungumza. Wa pili huwezi kumbana kwa njia hiyo. Sasa mwenye duka akisema, “Huyu wa pili sikuwa na njia ya kumbana kwa mkopo, kwa sababu ana ng'ombe tele,” je, amekiri kwamba alimvamia ili amwibie ng'ombe? Huenda kweli alimvamia kwa ajili ya ng'ombe. Huenda tukapata ushahidi wa jambo hilo mahali pengine. Lakini sentensi ile haikuusema wizi. Ilieleza kwa nini daftari halikufaa.

Hivyo ndivyo alivyosema Wolfowitz. Alizungumzia nyenzo za kumlazimisha adui, akasema mafuta yaliifanya Iraq isiweze kubanwa kwa vikwazo. Gazeti likamfanya azungumzie tamaa.

Neno lilipotokaje kwenye maana moja likaingia katika nyingine? Hapa wanafunzi wa elimu ya Hadithi watakuwa nyumbani, kwani hii ni habari ya sanadi na matini. Matini ilitoka Singapore kwa Kiingereza. Ikapokewa na waandishi wa Kijerumani, wakaifasiri kwa Kijerumani. London ikaipokea kutoka Ujerumani, ikairudisha kwa Kiingereza, kisha ikaiweka ndani ya alama za kunukuu kana kwamba ndivyo ilivyotoka kinywani. Neno la Kiingereza likasafiri hadi Kiingereza kwa kupitia lugha ya tatu, ilhali matini ya asili ilikuwapo wazi, haihitaji mkalimani, na yeyote mwenye kujua kusoma angeweza kuifungua siku ile ile.

Safari hiyo iliacha alama, mfano wa nyayo kwenye mchanga. Msemaji wa asili alisema nchi *inaelea* juu ya bahari ya mafuta. Katika nukuu ya London nchi ikawa *inaogelea*. Kwa nini? Kwa sababu Wajerumani wana kitenzi kimoja, schwimmen, kinachobeba kuogelea na kuelea kwa pamoja. Mfasiri wa pili alikikuta kitenzi hicho akachagua maana isiyokuwa yake. Sisi Waswahili, tuliozaliwa kando ya bahari, tunajua kwamba ngalawa huelea na mtoto huogelea, na hakuna mvuvi atakayevichanganya. Kosa la kuelea na kuogelea halina madhara makubwa, lakini ndilo linalotuonyesha njia ilikopita habari. Madhara yalikuwa katika kipande cha pili: “hatukuwa na njia ya kiuchumi ya kuitumia” kilipogeuka kuwa “kiuchumi hatukuwa na hiari.” Njia ni chombo unachokishika mkononi, hiari ni jambo la nafsi, na asiyekuwa na hiari ni aliyesukumwa na haja yake. Hapo ndipo tamaa ilipoingizwa.

Kisha likaja la tatu, nalo ni kukata. Sentensi inayofuata, ile ya Korea Kaskazini iliyo ukingoni mwa kuporomoka na nguvu ya kuibana, haikuonekana katika habari ya London. Laiti ingaliachwa, msomaji yeyote mwenye akili timamu angaliielewa ile ya kwanza. Kila mtoto wa madrasa anajua kitakachotokea akiisoma Suratul-Maun akasimama kwenye aya ya nne asiendelee na ya tano: itakuwa kama wanaosali ndio walioahidiwa adhabu. Hakuongeza herufi hata moja, na amepotosha.

Wanavyuoni wetu walijadiliana sana juu ya kuipokeza Hadithi kwa maana badala ya tamko lake. Wako waliokataa kabisa. Walioruhusu waliweka sharti, na Imamu Shafii katika Risala yake ni miongoni mwa walioliweka, kwamba mpokezi awe ni mtu anayejua ni lipi katika matamshi linalogeuza maana. Sharti hilo ndilo lililokosekana katika mnyororo huu, kwa wapokezi wawili mfululizo. Sisemi kwamba walikusudia uongo. Sina ushahidi wa hilo, na dhana mbaya ni dhambi hata kwa mwandishi wa gazeti.

Sasa tumpe kila mwenye haki haki yake, na The Guardian pia lina haki yake. Gazeti lile lilikuwa na mtu anayeitwa mhariri wa wasomaji, cheo lilichokianzisha mwaka 1997 kabla ya magazeti mengine makubwa ya Uingereza, naye kazi yake ilikuwa ni kusikiliza malalamiko dhidi ya gazeti lenyewe. Malalamiko yalipokuja na maandishi ya Singapore yalipolinganishwa na habari ile, gazeti halikubishana. Liliiondoa habari katika tovuti, likachapisha sahihisho lililosema waziwazi kwamba habari ile ilimfanya Wolfowitz aonekane amesema mafuta ndiyo sababu kubwa ya vita, na kwamba hakusema hivyo. Likayanukuu maneno yake ya kweli kutoka katika tovuti ya wizara yake, likaeleza na maana yake. Ieleweke kwamba gazeti hili lilikuwa mstari wa mbele katika kuikosoa vita ile. Lilikuwa na kila sababu ya kutamani neno lile liwe kweli, na bado likasema si kweli. Wangapi katika sisi tumewahi kuwaona wakifanya hivyo kwa jambo lililowafaa?

Wala halikuwa sahihisho pekee la juma lile. Siku chache kabla, tarehe 31 Mei, gazeti hilo hilo liliandika kwamba Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Jack Straw, na mwenzake wa Marekani, Colin Powell, walikutana faraghani katika hoteli ya Waldorf mjini New York mwezi Februari, kabla ya Powell kulihutubia Baraza la Usalama, na kwamba humo walielezana wasiwasi wao juu ya ushahidi wa silaha za Iraq. Straw alikana kwamba kikao hicho kilifanyika. Gazeti likamkubalia na kuomba radhi. Mawaziri wawili wa serikali mbili zilizokuwa vitani, juma moja, gazeti moja. Na mara zote mbili ilibidi wino urudi nyuma.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kila mwanasiasa anayelalamika kwamba amenukuliwa vibaya amedhulumiwa. Tunawajua wanasiasa. Wako wanaosema neno jioni mbele ya umati, wakaona asubuhi limewaka moto, wakalitupia gazeti lawama. Kukana peke yake si hoja, kama ambavyo kunukuu peke yake si hoja. Tena mfano wake tunaupata kwa Wolfowitz huyu huyu, mwezi ule ule wa Mei 2003. Jarida la Vanity Fair la Marekani lilimhoji, likatangaza kwamba amesema suala la silaha za maangamizi lilichaguliwa kwa sababu za kiofisi tu, kwa kuwa ndilo ambalo wote waliweza kukubaliana. Wizara yake ikapinga, ikasema maneno yamefupishwa, ikatoa maandishi ya mahojiano yote. Watu wakayasoma. Wakakuta nini? Wakakuta kwamba ni kweli yalifupishwa: baada ya maneno yale aliendelea akasema siku zote mambo yaliyowatia wasiwasi yalikuwa matatu, yaani silaha, kuunga mkono ugaidi, na ukatili wa utawala kwa raia wake. Lakini wakakuta pia kwamba mfupa wa maneno ni wake. Alisema kwa kinywa chake kwamba, kwa sababu zinazohusiana na utaratibu wa serikali, walitulia juu ya jambo moja ambalo wote waliliafiki, nalo ni silaha. Na akasema kwamba ukatili dhidi ya Wairaki ni sababu ya kutaka kuwasaidia, ila peke yake haikuwa sababu ya kuhatarisha maisha ya vijana wa Kimarekani kwa kiasi kile.

Basi katika kesi hii ya pili pingamizi lake lina haki nusu tu. Mtu yule yule, mwezi ule ule. Katika shauri moja amedhulumiwa dhahiri, katika lingine analalamikia mkato ilhali maneno ni yake. Utayapambanuaje mashauri mawili hayo kwa kuutazama uso wake au dini yake au chama chake? Huwezi. Sharti uyaendee maandishi.

Nilipolieleza jambo hili katika darsa yetu ya baada ya Alasiri, kijana mmoja, msomi na mwenye bidii ya dini, alisimama akaniuliza kwa uchungu: “Sheikh, mtu huyu ameshiriki kuiteketeza nchi ya Waislamu, nawe unakaa kumtetea kwa ajili ya kitenzi?” Swali lake lilikuwa la haki na halikunikasirisha. Nilimwambia aifungue Suratul-Maida, aya ya nane, aone waumini walivyokatazwa kuiacha chuki yao kwa watu fulani iwapeleke kwenye kutofanya uadilifu. Aya hiyo haina maana yoyote kwa watu tunaowapenda. Kwao hatuna chuki ya kutupotosha. Imeteremka kwa ajili ya mfano wa mtu huyu hasa.

Nikamwambia na jambo la pili, ambalo naona lilimgusa zaidi. Uongo huu haukumdhuru Wolfowitz, umetudhuru sisi. Kwani aliyeng'ang'ania neno ambalo hakulisema ameyaacha yale aliyoyasema, nayo ni mazito kuliko lile la kubuni. Tarehe 25 Februari 2003 mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, Jenerali Eric Shinseki, aliiambia kamati ya Seneti kwamba kuilinda Iraq baada ya vita kutahitaji askari laki kadhaa. Siku mbili baadaye Wolfowitz akaiambia kamati ya Bunge kwamba makadirio ya namna hiyo yako mbali sana na shabaha. Tarehe 27 Machi, vita vikiwa vimetimiza wiki moja, akaiambia kamati nyingine kwamba mapato ya mafuta ya Iraq yangeweza kufikia dola bilioni 50 hadi 100 katika miaka miwili au mitatu, na kwamba hiyo ni nchi inayoweza kugharimia ujenzi wake yenyewe, tena karibuni. Haukupita mwaka, Bunge lile lile likaidhinisha zaidi ya dola bilioni 18 za walipa kodi wa Marekani kwa ajili ya ujenzi wa Iraq. Na Septemba 2004 timu ya ukaguzi iliyoongozwa na Charles Duelfer ikakamilisha ripoti yake: ghala za silaha za maangamizi hazikuwapo.

Hata yale maneno ya kweli ya Singapore yalikuwa na mlango mpana wa kuyahoji. Alidai Iraq haikuweza kubanwa kiuchumi. Basi vile vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilivyowekwa Agosti 1990, vikadumu karibu miaka 13, vikawafanya raia wa Iraq tangu Desemba 1996 wauze mafuta yao kwa kibali ili wapate chakula na dawa, vilikuwa ni nini kama si kubanwa kiuchumi? Na ile Korea Kaskazini aliyoiona iko ukingoni na inayoweza kushikwa kooni kwa uchumi, tarehe 9 Oktoba 2006 ililipua bomu lake la kwanza la majaribio la nyuklia. Hoja yake ilianguka yenyewe mbele ya macho ya watu. Lakini nani aliyeihoji hoja hiyo? Wengi walikuwa wakishughulika na ungamo lisilokuwapo, na mtetezi yeyote wa vita aliyekutana nao alikuwa na jibu jepesi: nendeni mkasome sahihisho la The Guardian. Mlalamikaji akashindwa shauri ambalo alikuwa na haki nalo, kwa sababu alikwenda na shahidi wa uongo.

Naomba sasa tuvuke upande wa pili, ili mizani isije ikaegemea. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Oktoba 2005, Rais Mahmoud Ahmadinejad wa Iran alihutubia mkutano mjini Tehran. Vyombo vya habari vya dunia vikatangaza kwamba ametaka Israel ifutwe kwenye ramani. Likawa neno la kutajwa kila siku, kila lilipozungumzwa suala la nyuklia la Iran. Wajuzi wa Kiajemi walipoitazama matini walisema neno ramani halimo. Ramani kwa Kiajemi ni naqshe, ndugu yake neno letu nakshi, na hilo hakulitamka. Alichosema, akimnukuu Ayatullah Khomeini, ni kwamba utawala unaoikalia Quds hauna budi kufutika katika ukurasa wa zama. Waziri wake wa mambo ya nje, Manouchehr Mottaki, alisema Februari 2006 kwamba rais wake ameeleweka vibaya, kwamba alikuwa akizungumzia utawala na hakuna awezaye kuiondoa nchi kwenye ramani.

Hapo, ndugu zangu, wengi wetu tulikuwa wakali wa tafsiri! Tuliwataka watu wa Magharibi warejee matini, wapime kitenzi, watofautishe utawala na nchi. Na tulikuwa na haki. Ila uadilifu unataka tuseme na mawili mengine. La kwanza, vyombo vya dola ya Iran yenyewe, vinavyotangaza kwa Kiingereza, navyo vilitumia maneno ya kufutwa kwenye ramani, hivyo lawama yote haiwezi kutupwa kwa wageni. La pili, tafsiri iliyo sahihi haikuifanya hotuba ile kuwa laini. Ilibaki kali, na aliyetaka kuipinga alikuwa na mengi ya kuipingia bila ya ramani. Sawasawa na Wolfowitz. Neno lililosahihishwa halimtoi mtu hatiani wala halimtii. Linaturudisha mahali pa kuanzia hukumu.

Mwenye kutaka ramani ibaki kwa Ahmadinejad na kuogelea kuondoke kwa Wolfowitz, au kinyume chake, huyo hana shauri na tafsiri. Ana shauri na watu.

Nije sasa nyumbani kwako, kwani makosa ya namna hii hayangojei tena gazeti la London. Katika makundi ya familia ya kwenye simu hupita kila siku picha ya kiongozi fulani, na chini yake maneno ndani ya alama za kunukuu, bila tarehe, bila mahali, bila kutajwa aliyemsikia. Mara nyingi maneno hayo ni yale hasa ambayo tulikuwa tukitamani adui ayaseme au mpendwa wetu ayaseme. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kutilia shaka. Mwulize mwanao aliyekuletea: alisemea wapi? kwa lugha gani? swali aliloulizwa lilikuwa lipi? sentensi iliyofuata inasemaje? Mtoto wa darasa la sita anaweza kuyafuatilia hayo, na nimeona watoto wakiyafuatilia vizuri kuliko baba zao. Likikosekana jibu, basi neno lisitoke nyumbani humo. Amri ya kuhakikisha habari katika Suratul-Hujurat, aya ya sita, wafasiri wengi wameieleza kuwa iliteremka kwa sababu ya mjumbe aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi njiani kwa hofu, akasema kabila zima limekataa kutoa. Na ilibakia kidogo watu wasiokuwa na kosa waendewe kwa silaha. Mtume (S.A.W.) naye amefundisha kwamba yatosha kuwa uongo mtu kusimulia kila alisikialo.

Ama kijana wa darsa yetu, alirudi Ijumaa iliyofuata akiwa na maandishi yote ya Singapore aliyoyatoa kwenye mashine, amepiga mstari chini ya sentensi ya Korea Kaskazini. Aliniambia bado hampendi mtu yule. Nikamwambia sikumwomba ampende.

Habari ya tarehe 4 Juni 2003 iliondolewa katika tovuti ya gazeti, lakini nakala zake zilikwisha kusambaa na nyingine zimo mikononi mwa watu hadi hii leo, zikiwa na kile kichwa chake na zisiwe na sahihisho lake. Anayetaka kumnukuu Wolfowitz juu ya mafuta ya Iraq hazihitaji. Ushahidi wake wa tarehe 27 Machi upo katika kumbukumbu za Bunge la Marekani, kwa lugha yake mwenyewe, bila ya mkalimani wa kwanza wala wa pili.

Wallahu a'lam.